Kutoka Dar es Salaam hadi Manda kwa Mwinuko wa Futi Elfu Moja

Safari yetu ilianza Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Julai, saa tatu usiku, nikiwa nimekaa chumbani kwangu Dar es Salaam, feni ikizunguka juu ya kichwa na dirisha likiwa limefungwa ili kelele za bodaboda zisiingie kwenye maikrofoni. Kwenye skrini ilikuwa asubuhi. Jua lilikuwa limechomoza upande wa Kigamboni, njia ya kurukia ya Uwanja wa Julius Nyerere ilikuwa mbele yangu, na nyuma yangu zilijipanga ndege nyingine nne aina ya Cessna 172, kila moja ikiendeshwa na mtu aliyekaa chumbani kwake: mmoja Tanga, mmoja Mombasa, dada mmoja Muscat ambako ilikuwa saa nne usiku, na kijana mmoja Toronto ambako watu walikuwa ndiyo kwanza wamemaliza chakula cha mchana. Tulikuwa tumekubaliana kuruka pwani yote kuanzia Dar es Salaam hadi Lamu, kituo kwa kituo, kila Jumamosi kipande kimoja, bila kupanda zaidi ya futi elfu moja isipokuwa milima itulazimishe.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, programu tunayotumia ni Microsoft Flight Simulator, simuleta ya kuigiza urukaji wa ndege, toleo lililotoka Agosti 2020. Toleo la kwanza kabisa la mwaka 1982 lilikuwa mistari na rangi chache tu, lakini hili la 2020 limeitandaza dunia nzima kwa picha za setilaiti, likaweka juu yake vipimo vya milima na mabonde, na huchukua hali ya hewa ya wakati uleule kutoka kwenye intaneti. Watu wengi wakiwa kwenye seva moja huonana angani. Nasema seva moja kwa mkazo, kwa sababu nusu saa ya kwanza ya Jumamosi ile ilipotea kumtafuta mwenzetu wa Toronto, ambaye alikuwa amesimama mahali palepale tuliposimama sisi, akituita, ilhali seva yake ilikuwa ya bara jingine.

Jaribio letu la awali, miezi kadhaa kabla, liliharibika kwa sababu kila mtu alichagua ndege aliyoipenda. Mmoja alichukua Cessna Caravan, ile ambayo kila msafiri wa Unguja anaijua, yenye mwendo wa takribani maili 170 za baharini kwa saa, wakati mimi na 172 yangu nilikuwa na 110. Baada ya nusu saa alikuwa ametutangulia kwa maili thelathini, na alikuwa akitueleza uzuri wa mahali ambapo sisi hatujapaona. Safari hii tulichukua wote ndege ya aina moja, lakini hata hivyo tuligundua kwamba ndege za aina moja haziendi pamoja kwa sababu tu zinafanana. Kiongozi akisukuma nguvu yote ya injini, aliyebaki nyuma hana cha kuongeza ili amfikie. Kwa hiyo kiongozi wetu huenda kwa nguvu pungufu, mizunguko 2,200 hivi kwa dakika, na wanaomfuata hubaki na akiba. Kila mmoja hupishana na mwenzake kwa futi mia moja za mwinuko. Saa huwekwa kuwa ya asubuhi kwa wote, ila upepo na mawingu huachwa kama yalivyo kwa wakati huo, jambo ambalo lina kichekesho chake, kwa kuwa tunaruka chini ya jua la saa mbili asubuhi katika upepo wa saa tatu usiku.

Upepo ndio uliotufanya tuanzie kusini. Mwezi wa Julai ni wa kusi, na kusi husukuma kuelekea kaskazini. Majahazi yaliyopakia boriti na nazi yaliusubiri upepo huohuo kurudi Arabuni, kisha yakaja tena na kaskazi. Sisi injini zetu zingeweza kwenda popote, lakini aliyeshauri tuufuate msimu alikuwa mtu ambaye hana ndege kabisa. Ni baba yake mwenzetu wa Mombasa, mzee aliyefanya ubaharia katika ujana wake, ambaye huvuta kiti na kukaa ubavuni mwa mwanawe kila Jumamosi. Alipotusikia tukipanga kuanza Lamu na kushuka kusini, alisema kwenye maikrofoni, "Wanangu, Julai mwatoka Amu kwenda Dari Salama? Mwenda kupigana na nani?" Tukageuza ramani.

Kipande cha kwanza kilikuwa chepesi. Tulitoka juu ya mlango wa bandari, tukaziacha Bongoyo na Mbudya mkono wa kulia, tukafuata ufuo hadi Bagamoyo, kisha tukakata bahari kilomita arobaini hivi kwenda Unguja. Kwa vile kusi lilivuma, ilitubidi tutue tukielekea kusini, maana yake tuupite mji kwanza kwa upande wa bahari, tugeuke juu ya Ng'ambo, ndipo turudi tukiutazama upepo usoni. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza udhaifu mkubwa wa programu hii. Nilikuwa nikiisubiri Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Katika simuleta halikuwa limeporomoka wala halikuwepo. Mahali pake palisimama nyumba pana yenye paa la vigae vyekundu na madirisha yaliyopangwa sawasawa, nyumba ambayo ingefaa kuwa posta ya mji mdogo wa Ulaya.

Sababu yake inaeleweka. Kompyuta hutazama picha ya setilaiti, hukisia kwamba hili ni paa, hutafuta kwenye ramani huria idadi ya ghorofa, kisha hujenga nyumba kutoka kwenye ghala la nyumba zake. Miji michache ya dunia imepigwa picha kutoka pande zote na kuonekana kama ilivyo. Pwani yetu imeachiwa makisio. Makisio haya yamewahi kuwachekesha watu duniani kote mwaka 2020, pale mnara wa ghorofa 212 ulipoota katikati ya mtaa wa kawaida huko Melbourne, kwa sababu mtu mmoja aliyejaza ramani aliandika 212 alipokusudia 2. Sisi hatukupata mnara. Tulipata Mji Mkongwe usio na mnara hata mmoja wa msikiti.

Dada wa Muscat, ambaye bibi yake alizaliwa Malindi ya Unguja, alikaa kimya kwa muda alipoona hivyo, kisha akasema, "Lakini Forodhani ipo, ile nafasi ya bustani naiona." Akaanza kutaja kutokea hapo: huku ndiko kwa bibi, huku gati, huku Darajani. Nikafahamu kazi ya kundi katika ziara kama hizi ni ipi. Mashine imetupa ardhi, na hiyo ni zawadi kubwa, lakini majina ilibidi tuje nayo wenyewe, na hakuna mmoja wetu aliyekuwa nayo yote.

Jumamosi ya pili hatukwenda moja kwa moja Pemba. Tulizunguka Unguja kwa mashariki, kutoka Makunduchi kupanda Jambiani na Paje, na ninashauri yeyote atakayejaribu safari hii asikose kipande hicho hata kama ana haraka. Picha ya setilaiti ya upande ule ilipigwa maji yakiwa yamepwa. Kati ya ufuo na mwamba bahari imejikunja na kuacha mchanga uliopauka wenye mishipa ya kijani, na juu ya mchanga huo yanaonekana mashamba ya mwani, vipande vidogo vya mraba vyenye rangi ya chai, mamia kwa mamia, vimepangwa kama viraka kwenye kanga kuukuu. Kilimo hicho kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa sehemu kubwa ni cha wanawake. Nimefika Paje mara mbili kwa gari, nikakanyaga kamba za mwani kwa miguu yangu, na sikujua kwamba ni nyingi kiasi kile.

Hata hivyo, ukikaa juu ya Paje kwa muda unaanza kuhisi kwamba kuna jambo haliko sawa, na mzee ndiye aliyelitaja. "Haya maji yatajaa saa ngapi?" aliuliza. Hayajai. Katika simuleta hakuna bamvua wala maji mafu. Bahari imegandishwa katika saa ileile setilaiti ilipopita. Zaidi ya hapo, picha zimeungwa kutoka siku tofauti, na kuna mahali ambapo unauona mshono wenyewe, mstari ulionyooka baharini, upande mmoja maji yamekauka hadi kwenye mwamba, upande wa pili yamejaa hadi kwenye minazi. Mzee alicheka sana alipoonyeshwa. Alisema hajapata kuona mahali ambapo mtu anaweza kuoga kwa mkono wa kushoto na kuokota chaza kwa mkono wa kulia.

Pemba tulifika salama, na ya Pemba nitayafupisha kwa sababu mimi sikuyaona vizuri. Bando langu liliisha nikiwa juu ya mkondo kati ya Nungwi na Mkoani. Wenzangu wanne walitoweka angani kwa pamoja, sauti zao zikakatika, na ardhi iliyokuwa mbele ikageuka ukungu wa kijani usio na nyumba wala njia. Nilipokwisha kununua bando jingine na kurudi, wao walikuwa wameshatua Chake Chake na walikuwa wakibishana kuhusu bei ya karafuu.

Kutoka Pemba tulivuka kwenda Tanga, kilomita themanini na kitu, na Tanga tukaamua kuiacha pwani kwa Jumamosi moja ili tupande Usambara. Mwenzetu wa Tanga ndiye aliyeongoza. Alitupitisha juu ya Muheza, ambako mistari ya mkonge inaonekana hata kwa futi elfu tatu, imenyooka kama daftari la hesabu, kisha akafuata reli. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na ujenzi wa reli kutoka Tanga ulianza mwaka huohuo. Ukiwa juu, mambo hayo mawili unayaona pamoja, kwamba reli inapita palipo na mashamba na mashamba yanaishia palipo na mlima. Tulipita Korogwe, tukafika Mombo, na hapo ukuta wa milima ukasimama upande wetu wa kulia.

Lushoto iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ilhali Mombo iko chini kabisa kwenye tambarare. Kiongozi alisema wazi kwamba kila mtu azunguke juu ya Mombo hadi afike futi elfu saba, ndipo aingie milimani. Mimi nilikuwa bado chini sana ya kimo hicho, na nilikuwa naona barabara ya kwenda Soni ikijipinda bondeni kwa namna ya kupendeza, nikajiambia kwamba nitaifuata barabara huku nikiendelea kupanda. Nilifanya kosa lile ambalo marubani wa milimani huonywa kulihusu siku ya kwanza. Bonde hupanda kuliko unavyodhani, kwa sababu jicho lako linapima mteremko kwa kuulinganisha na kuta zilizo pembeni, nazo pia zinapanda. Ndege ndogo kwenye hewa ya joto, ikiwa imebakiza nguvu kidogo, hupanda futi mia nne kwa dakika ikijitahidi. Bonde lile lilipanda haraka zaidi. Nilipotambua kwamba miti iliyo mbele imefika usawa wa pua ya ndege, nilikuwa sina tena nafasi ya kugeuka. Nilivuta usukani, filimbi ya onyo ikaanza kulia kwa sauti nyembamba inayozidi kupanda, bawa la kushoto likalegea na kuzama, na kitu cha mwisho nilichokiona ni bati la paa la nyumba ya mtu na shamba la migomba nyuma yake. Skrini ikawa nyeusi.

"Umekwenda wapi?" aliuliza kijana wa Toronto.

"Soni," nilijibu. "Nimeshuka."

Waliniacha nianze upya kutoka Tanga peke yangu, na nadhani ilikuwa haki. Niliwakuta bado wanazunguka juu ya Irente, pale ukingo wa milima unapokatika ghafla na tambarare kulala chini yako karibu mita elfu moja, na niliingia kwa futi elfu saba na mia tano bila kusema neno.

Kutoka Tanga kwenda Mombasa ndicho kipande nilichokitarajia kidogo zaidi, kwa kuwa nimekipita kwa basi mara nyingi na ninachokikumbuka ni foleni ya Horohoro. Kikawa ndicho kipande cha kukumbukwa kuliko vyote. Tulikuwa kwa futi elfu moja kama kawaida, Vanga inakuja mbele, na mwenzetu wa Mombasa akamwuliza baba yake kama anapatambua. Mzee alinyamaza, kisha akasema, "Mimi huku juu sikujui. Mimi hii pwani naijua kwa ubavu."

Tukaelewa. Baharia haoni umbo la kisiwa kama lilivyo kwenye ramani. Anaona mstari wa nchi kavu ukiwa mbali, na nyuma yake vilima, na kwa vilima hivyo hujua yuko wapi. Kwa hiyo tulitoka baharini maili tatu, tukashuka wote watano hadi futi mia moja juu ya maji, kimo ambacho nina hakika hakuna mamlaka ya anga ingeturuhusu, tukageuza vichwa vyetu kushoto. Minazi ikawa mstari mwembamba. Nyumba za kukisia, zile zenye vigae vya Ulaya, zikapotea kabisa kwa udogo. Vilima vikabaki.

Vilima havikukosewa, kwa sababu vimetokana na vipimo halisi, si makisio. Mzee alianza kusema polepole, kisha akasema kwa haraka mfululizo: yule Jombo, amesimama peke yake, yule karibu yake Mrima, ukimwona Jombo amekaa hivi basi mlango wa Shimoni uko hapa, na hiki ni Wasini, na Funzi ni ile pale iliyojificha, usiingie usiku. Alitaja miamba ambayo haikuonekana. Alitaja mahali walipotia nanga siku mbili wakisubiri upepo, wakala papa mkavu hadi wakauchoka. Mwanawe aliniambia baadaye kwamba hadithi ile ya papa hakuwahi kuisikia, na amekaa nyumba moja na baba yake maisha yake yote. Mbele ya Gazi mzee alituambia tutazame Shimba ikipanda nyuma ya Diani, na ikapanda palepale alipoonyesha kidole, kidole ambacho sisi wanne hatukukiona lakini tulikifuata.

Tangu siku hiyo tulibadili taratibu. Kila kipande tulikiruka mara mbili, kwanza juu, kisha kwa ubavu.

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita mia moja na zaidi kidogo. Tuliiona Kilindini upande mmoja wa kisiwa na Bandari ya Kale upande mwingine, Fort Jesus ikiwa tena sanduku lisilo na sura, ingawa umbo la kuta zake za miaka ya 1590 limebaki kwenye picha ya chini kama kivuli. Mkono wa Kilifi, mikoko ya Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke uliokolea weusi mithili ya wingu lililoanguka. Kaskazini kidogo ya Malindi mto Sabaki unamwaga baharini maji mekundu ya udongo wa bara, na doa hilo linaonekana kabla hujauona mji. Baada ya hapo tulitafuta minara ya San Marco, majukwaa ya chuma baharini ambako Waitaliano walirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988, na ambako setilaiti iliyopewa jina la Uhuru iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Tulizunguka robo saa. Tuliona maji tu.

Kipande cha mwisho kilivuka ghuba ya Ungwana na mdomo wa Tana, nchi tambarare isiyo na kilima hata kimoja cha kushika, na mzee alisema kwamba hata wao hapo walihesabu saa na kuomba Mungu. Kisha machuguu ya mchanga ya Shela yakameremeta mbele, meupe, makubwa kuliko nilivyowahi kuyafikiria, na nyuma yake paa za Lamu zilizobanana. Uwanja wa ndege hauko Lamu yenyewe. Uko ng'ambo ya maji, kisiwani Manda, na abiria huvuka kwa mashua. Tulitua mmoja baada ya mwingine tukielekea kusini-mashariki, kusi likitupiga usoni na kunisukuma nje ya mstari mara mbili, tukaegesha ndege tano sambamba, tukazima injini. Kulikuwa na kimya cha namna yake, upepo tu kwenye hedfoni.

Mzee aliuliza, "Sasa mashua iko wapi?"

Mwanawe akamweleza kwamba mashua haimo katika programu.

"Basi tumefika Manda," alisema mzee. "Amu bado."